Mgeni wa Jumamosi

Msusi alichagua kulisema lile jambo wakati mumewe amepiga magoti, kichwa kiko uvunguni mwa kitanda, anatafuta soksi. Alijua kwamba mtu aliye katika hali ile hawezi kucheka vizuri.

"Leo nataka twende wote," alisema. "Huko kwenye sahani zenu."

Mumewe alitoka uvunguni na soksi moja mkononi na vumbi kwenye nyusi. Mtaa mzima ulimwita Fundi, kwa sababu alitengeneza makochi, na hata mkewe alimwita hivyo mbele za watu. Wakiwa wawili alimwita mzee. Kwa miaka mingi, kila Jumamosi, Fundi alikwenda kwenye machimbo ya kokoto yaliyoachwa nje ya mji, ambako klabu yao ililenga sahani. Si sahani za kulia chakula. Ni visahani vya udongo, vyekundu, upana wa kiganja. Mashine iliyofichwa shimoni huvirusha hewani, na mlengaji akishasema "Rusha!" ana muda wa kupepesa jicho tu kukivunja kisahani kabla hakijaanguka. Bunduki zenyewe ni za marisau, zile zinazotawanya punje ndogondogo za risasi kama mtu anayemwagia kuku mtama.

Klabu ilikuwa inakufa taratibu. Mwanachama mmoja alizikwa, mwingine macho yalimgoma, wa tatu alihamia kwa mwanawe. Mwenye machimbo alikuwa ameanza kusema kwamba eneo kubwa kama lile haliwezi kukaa kwa ajili ya wazee kumi na wawili. Kwa hiyo Mwenyekiti, daktari wa mifugo aliyestaafu, alitoa agizo kwamba kila mtu alete mgeni. Agizo hilo lilimkosesha Fundi raha. Huko nyuma alishawahi kuleta watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyerudi mara ya pili. Sasa hakuwa na mwingine wa kumwomba.

"Wewe?" aliuliza.

"Mimi. Si mnatafuta wageni?"

Fundi akavaa soksi. Hakukubali wala hakukataa, ila alipotoka uani aliacha mlango wa mbele wa pikapu wazi upande wa abiria.

Sababu yake halisi Msusi hakuisema. Kitinda mimba wao alikuwa ameondoka nyumbani mwanzoni mwa mwaka kwenda kazini mbali, na nyumba ilibaki na watu wawili na televisheni. Siku za kazi zilipita, maana saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba hiyohiyo na wateja hawakukosekana. Lakini Jumamosi jioni, mteja wa mwisho akishaondoka, alikaa kwenye kiti cha wateja akajitazama kwenye kioo mpaka pikapu irudi. Mumewe alirudi akiwa mchangamfu, akala, akalala. Msusi alipiga hesabu akaona kwamba mwanamke anayetaka kumwona mumewe akicheka, basi amfuate huko anakochekea.

Njiani walimchukua Mkunga, mteja wake wa siku nyingi, mwanamke wa miaka arubaini asiyeogopa kitu, ambaye aliposikia habari hizo alisema hajawahi kushika bunduki na hataki kufa hajaishika.

*

Klabu ilikuwa banda la mabati, meza mbili, viti vya plastiki na kabati la chuma lenye kufuli. Wazee waliwasalimia kwa heshima kubwa mno, ile ya watu wasiojua wafanye nini na wanawake mahali pale. Mwenyekiti alisimama akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Kisha akakaa. Hakuna aliyewaonyesha pa kukaa wao.

Walipewa miwani na vifuniko vya masikio. Msusi akaambiwa asogee kwenye mstari. Alitegemea mtu amweleze mguu ukae wapi, mkono uende wapi, ashike pumzi au aiachie. Badala yake aliona wazee wanasogea karibu, kama watu wanaosogea kutazama mzigo uliofungwa vibaya juu ya lori. Mwenyekiti alifungua kabati akatoa bunduki ndefu, nyeusi, kuukuu, iliyofungwa mkanda kwenye kitako, ambayo wenyewe waliipa jina la Punda. Mmoja wao akasema, "Leo Punda ana bibi harusi," na wengine wakamnyamazisha.

Msusi alimtafuta mumewe kwa macho. Alikuwa amesimama katikati yao, mikono mfukoni. Alimtikisia kichwa kumwambia haya, piga.

Msusi aliiweka bunduki begani namna alivyoona kwenye sinema. Kitako hakikukaa kwenye nyama ya bega. Kilikaa juu kidogo, kwenye mfupa. Akasema "Rusha," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na sahani ikaruka, naye akafyatua.

Alijikuta amekaa chini kwenye kokoto. Sahani ilienda zake ikavunjikia mbali kwenye mawe bila msaada wa mtu. Maumivu hayakuja mara moja. Kilichotangulia ni vinywa. Kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamefunikwa, hakusikia kicheko. Alikiona tu, vinywa vyote vimefunguka, meno yaliyopo na mapengo, mtu ameshika mbavu, mtu amemwegemea mwenzake. Na katikati, kikiwa wazi kuliko vyote, kinywa cha mumewe.

Huo ndio uso aliokuwa ameufuata. Aliuona.

Mkunga alimvua vifuniko, akamshika bega, akalipapasa kwa vidole vya kazi. Kisha akawaambia wale wazee kwamba zamu yake ameisamehe na kwamba mtu alete gari. Mzee mmoja alisema wote walipitia hapo, Punda hamkosi mtu, na kwamba aliye na moyo hurudi. Fundi alikwisha acha kucheka, lakini uso ulikuwa bado haujapata pa kwenda.

*

Hospitalini waliona ufa kwenye mtulinga, ule mfupa unaopita kati ya shingo na bega. Mkono ulining'inizwa kwa kitambaa. Daktari alimuuliza anafanya kazi gani. Aliposikia ni msusi, alitikisa kichwa, akasema kwa wiki sita mkono huo usipande juu ya kifua. Alisema vilevile kwamba angekuwa ameonyeshwa kuishika bunduki sawasawa, na kupewa risasi nyepesi za michezo badala ya zile nzito za kuwindia, angerudi nyumbani na wekundu kidogo tu. Fundi alikuwa amesimama pale. Alisoma bango la chanjo ukutani mpaka daktari alipomaliza.

Usiku huo simu ilianza. Msusi alikuwa kitandani na alimsikia mumewe sebuleni akimwambia dada yake, halafu jirani, halafu binti yao mkubwa, maneno yaleyale: mama ameteleza bafuni. Aliyasema vizuri zaidi kila alipoyarudia. Kufika kwa binti yao tayari sakafu ya bafu ilikuwa na sabuni.

"Kwa nini bafuni?" alimuuliza alipoingia.

Fundi alisema akitangaza mambo ya klabu, mwenye machimbo atapata sababu aliyokuwa anaitafuta. Msusi alimwangalia. Alikuwa anajua tofauti kati ya mtu anayeilinda klabu na mtu anayejilinda. Hata hivyo hakubisha, kwa sababu hata yeye hakupenda watu wajue alivyokaa kwenye kokoto huku mumewe akicheka. Kwa siku chache bafu liliwafaa wote wawili.

Wateja walikuja kumpa pole. Walikaa kwenye viti vya saluni iliyofungwa na kutazama. Wekundu wa bega ulikuwa umegeuka zambarau na kupanda mpaka shingoni, juu ya ukosi wa gauni, mahali ambapo bafu halifiki kwa urahisi.

"Ulianguka vipi?" waliuliza.

"Niliteleza."

"Bafu hizi," alisema mmoja, akawatazama wenzake, na wote wakakubaliana kuhusu bafu.

Msusi alikuwa amekaa na wanawake katika chumba kile kwa nusu ya umri wake. Aliwahi kuwasikia wengine wakiteleza, wakigonga milango, wakiangukiwa na masufuria. Alijua wanachofikiri kabla hawajakifikiri.

Haikuchukua muda habari kuvuka barabara. Bibi aliyekuwa ameagiza kochi la watu watatu alikuja kulichukua likiwa halijavishwa kitambaa, springi nje, akasema atamalizia kwingine. Muuza nyama alimhudumia Fundi bila kuinua macho, akamfungia mifupa. Vijana wa kituo cha teksi, waliozoea kumpigia kelele za salamu, walinyamaza alipopita, na ukimya ule ulikuwa na adabu mbaya kuliko tusi. Fundi alirudi nyumbani siku hiyo akaweka ile nyama mezani.

"Watu wamenibadilikia," alisema.

"Nimeona."

"Wanadhani nimekupiga."

"Ndivyo wanavyodhani."

"Sasa si uwaambie ukweli?"

"Nikianza na ukweli, mzee, nitaanzia wapi? Bafu ni lako."

Fundi aliinuka akaenda kupika. Siku hizo alipika, akafua, akapiga deki. Si kwamba alikuwa mvivu wa kazi hizo, ila alizifanya kama mtu anayemtengenezea mteja asiyemfahamu. Asubuhi moja Msusi alimwomba amchane nywele, maana mkono mmoja haukutosha. Fundi alichukua chanuo na kusimama nyuma yake. Alichana kama anayechambua sponji kuukuu, anavuta mpaka linatoka. Machozi yalimtoka Msusi. Alingoja aulizwe kama inauma. Hakuulizwa, na alipokwisha kufungwa kitambaa kichwani alisema asante.

*

Binti yao mkubwa, mwalimu wa sekondari katika mji mwingine, alifika bila kutoa taarifa, na begi kubwa tupu. Aliingia, akamsalimia baba yake shikamoo bila kungoja marahaba, akapita moja kwa moja chumbani akaanza kukunja nguo za mama yake.

Msusi alimwambia akae. Hakukaa. Alisema shangazi alimpigia, na rafiki yake aliyesoma naye alimpigia, na hata mke wa muuza nyama, ambaye hajui alipata wapi namba yake. Alisema hakuja kuuliza maswali. Alikuja kumchukua mama yake, na mazungumzo mengine yangefanyika huko kwake.

"Baba yako hakunipiga," Msusi alisema.

"Mama."

"Hakunipiga. Alicheka."

Mikono ya binti ilisimama juu ya gauni. Msusi akamweleza yote, polepole, tangu machimbo mpaka hospitali. Alieleza bila kupamba, na akiwa anaeleza aligundua kwamba ile sehemu ya maumivu ilikuwa imeshakuwa nyepesi. Sehemu iliyomtia kigugumizi ni ile ya vinywa.

Fundi alikuwa mlangoni, ndoo ya nguo mbichi mkononi. Haikujulikana alifika saa ngapi.

"Baba, ulijua ile bunduki ikoje?" binti aliuliza.

"Nilijua."

"Na zile risasi?"

"Nilijua."

"Ukamwacha."

Fundi aliweka ndoo chini. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mbali na mkewe kadiri kitanda kilivyoruhusu, akasimulia kitu ambacho Msusi hakuwahi kukisikia katika ndoa yao yote. Siku yake ya kwanza klabuni, Punda alimpiga mpaka akaenda nyuma ya banda akatapika. Alikaa huko akijifuta na majani, akisikia wenzake wanavyocheka, na akaona ana njia mbili, ama apande baiskeli yake aende zake, ama arudi akicheka. Alirudi akicheka. Wakampa kiti. Tangu siku hiyo alihesabu kwamba ndivyo mtu anavyokaribishwa, na hakuwahi kujiuliza wale walioondoka waliondoka kwa nini. Alidhani ni watu wepesi.

"Ulipoanguka," alimwambia mkewe, akiwa anaitazama ndoo, "nilicheka kabla sijakuona kuwa ni wewe."

Msusi alilipokea lile neno akaligeuza. Lilikuwa na ukweli ndani yake, na halikumpunguzia chochote.

Binti alilala siku mbili. Siku ya kuondoka alibeba begi lake tupu mpaka kituo cha teksi, akasimama pale, na kwa sauti ya darasani akawaeleza vijana, muuza nyama na kila aliyekuwa na masikio kwamba mama yake alikwenda kupiga bunduki na bunduki ndiyo iliyompiga. Mtaa ulicheka wiki nzima. Fundi akarudishiwa salamu zake na nyama yenye nyama.

*

Habari za klabuni Msusi alizipata kwa Mkunga, ambaye alirudi kule peke yake. Alisema alikwenda kwa sababu zamu yake walikuwa bado hawajampa.

Kwanza, alisema, Fundi hakwenda klabuni moja kwa moja. Aliwatafuta wale watu watatu aliowahi kuwaleta. Mmoja, muuza vipuri, alimfukuza dukani kwa utani ambao haukuwa utani. Wa pili alisema hakumbuki. Wa tatu, mpima ardhi, alimkaribisha ndani akamwambia kwamba teke alilisahau kesho yake. Kilichomchoma ni kwamba baada ya kicheko alikaa pale mchana kutwa na hakuna aliyemuuliza hata anaishi wapi. "Nilipoondoka niliaga," alisema mpima ardhi. "Mlikuwa mnahesabu sahani."

Kisha Jumamosi ikafika, na Fundi akasimama mbele ya wazee wenzake. Alitaka Punda afungiwe kabatini moja kwa moja. Alitaka mgeni apewe bunduki fupi, risasi nyepesi, na mtu mmoja wa kusimama nyuma yake tangu anafika mpaka anaondoka, na mtu huyohuyo amjulie hali katikati ya wiki. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, akasema klabu si shule ya chekechea. Mwingine akasema mchezo huu ni wa bunduki, si wa karata, na kwamba wakianza kuwabembeleza watu watajaza machimbo kwa watu wa kubembelezwa. Mzee wa tatu aliuliza kama mke wa Fundi ndiye mwenyekiti sasa. Wakacheka.

"Akafanya nini?" Msusi aliuliza.

Fundi, alisema Mkunga, alikwenda kabatini akamtoa Punda. Akajaza zile risasi nzito, akasimama kwenye mstari. Akasema kila anayetaka Punda abaki, apige tano, na yeye ataanza. Akapiga. Ya kwanza alivunja sahani. Ya pili pia. Ya tatu na ya nne zilikwenda hewani. Ya tano alikuwa anaishika bunduki kama anayeshika chuma cha moto, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta. Halafu akamkabidhi Mwenyekiti.

Mwenyekiti aliipokea. Aliitazama, akaipima uzito, akaangalia bega lake mwenyewe. Akasema ana baridi yabisi. Akampa aliyefuata. Punda alizunguka banda zima, mkono kwa mkono, kila mzee na ugonjwa wake, mpaka akarudi kabatini bila kupigwa.

"Walicheka?" Msusi aliuliza.

"Mmoja alianza. Akaacha."

Mkunga alitegemea rafiki yake afurahi, au alie. Msusi aliuliza tu kama bega la Fundi linainuka. Jioni hiyo alimkuta mumewe sebuleni anapambana na shati, akamsaidia kulivua upande mmoja kwa mkono wake mzima, naye Fundi akaloweka kitambaa kwenye maji moto akamkanda mkewe, kisha akajikanda mwenyewe. Televisheni ilikuwa inaongea. Fundi hakusema alichofanya na Msusi hakusema kwamba anajua.

*

Mfupa ulipounga, alikwenda tena. Hakutaka iwe kwamba mara ya mwisho aliyoonekana pale alikuwa amekaa kwenye kokoto.

Palikuwa pamebadilika, si sana. Banda lilikuwa lilelile. Lakini kulikuwa na viti vya ziada, na Mkunga alikuwa na mahali pake kwenye mstari na utani wake na wazee. Mpima ardhi alikuwa amerudi, na amemleta shemeji yake. Mwenyekiti mwenyewe, ambaye hakuwahi kukiri kitu, alikuwa amesimama nyuma ya shemeji huyo akimwelekeza kwa ukali uleule aliokuwa akiutumia zamani kwa ng'ombe, akimsukuma kisigino mahali pake. Shemeji hakuonekana kuchukia. Mwenye machimbo alikuwa amepita akahesabu magari, akaondoka.

Fundi alisimama nyuma ya mkewe. Alimpa bunduki fupi, akamwonyesha kile kishimo kati ya bega na kifua ambamo kitako hukaa, akakibonyeza kwa kidole gumba.

"Hapo panauma?" aliuliza.

"Hapana."

"Pakiuma, tuache."

Msusi alisema "Rusha," safari hii kwa sauti yake ya kawaida, na bunduki ikamgusa bega kama mtu anayempita sokoni. Sahani tatu za kwanza zilikwenda zake. Ya nne ilipasuka ikawa vumbi jekundu hewani, na alishangaa kuona jinsi lile vumbi linavyokaa juu kidogo kabla ya kuanguka. Watu walipiga makofi. Furaha aliyoipata ilikuwa ya kweli, hakuikana. Alielewa kwa nini mtu angerudi kila wiki kwa ajili ya kitu kama kile. Alipiga mpaka risasi alizopewa zikaisha, akairudisha bunduki, akashukuru.

Njiani, ndani ya pikapu, Fundi hakunyamaza. Alisema mkono wake umetulia kuliko wa wengi. Alisema atamshonea kizibao chenye sponji begani, yeye mwenyewe, kwa kitambaa kizuri. Alisema Jumamosi ijayo wataanzia kituo cha pili, ambako sahani huja kwa mshazari.

Msusi alimwacha amalize.

"Mzee," alisema, "mchezo wenu ni mzuri. Lakini mimi sikuutaka mchezo."

"Ulitaka nini?"

"Nilikuwa nakutaka wewe. Jumamosi."

Fundi aliendesha. Walipita kituo cha mafuta, wakapita uzio mrefu wa ghala, wakangoja taa za barabarani. Taa zikawaka kijani, na gari la nyuma likapiga honi ndipo akakumbuka kuondoka.

"Ungeniambia," alisema hatimaye.

"Siku gani? Jumamosi hukuwepo."

*

Jumamosi iliyofuata saluni ilikuwa imejaa. Msusi alikuwa anafidia wiki alizopoteza, na wanawake walikuwa wamekaa mpaka kwenye ngazi ya mlango, wengine nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama. Walikuwa katikati ya habari ya mtu na mwenye nyumba wake wakati mlango wa ndani ulipofunguka na Fundi akaingia.

Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Alisimama karibu na draya, hajui mikono aipeleke wapi. Habari ya mwenye nyumba ilikatika.

"Hukwenda?" Msusi aliuliza.

"Mkunga atawapokea wageni leo. Mimi nitakwenda Jumamosi ijayo."

"Sasa huku umekuja kufanya nini?"

"Kukaa."

Wanawake walitazamana. Fundi alikuwa na upara uliong'aa tangu binti yao mkubwa alipokuwa mtoto, na mahali pale palikuwa pa watu wenye nywele. Yule aliyekuwa chini ya draya aliinua kichwa akamuuliza kwa upole mwingi kama angependa kusukwa au kuwekewa dawa. Kicheko kikaanzia mlangoni, kikaja mkeka kwa mkeka, kiti kwa kiti, kikajaa chumba. Fundi alisimama katikati yake na tabasamu ambalo lilikuwa bado halijaamua. Alimtazama mkewe.

Msusi hakucheka. Alikamilisha rasta aliyokuwa ameishika, akaifunga mwisho wake, akageuka.

"Mpisheni akae," alisema. "Ni mgeni."

Mwanamke mmoja aliondoa mkoba wake kwenye benchi. Wa pili alijisogeza. Fundi akakaa katikati yao, magoti pamoja, na bibi wa kulia kwake, akiwa anampisha vizuri, akamuuliza anaendeleaje na bega.